Jina la Fuadi Lina Mwenyewe

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwangu, hapa Kismayu, mkono kwenye kitasa, na mbele yangu mwanamume wa suti amefungua mikono miwili akiniita ami. Wengi mliniandikia mkitaka kujua kama nilimfungia mlango. Sikumfungia. Nilimkaribisha, nikamtilia kahawa, nikamsogezea na sahani ya tende. Msinihurumie hata kidogo.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo limefungiwa sambusa, nimweleze alipo. Mimi ni Shihab, Mbajuni wa Koyama, mwalimu wa chuo cha Kurani. Vita vya Somalia vilipotufikia mwaka 1992 nilikimbilia Mombasa. Kaka yangu Fumo alikuwa mgonjwa hawezi kuinuliwa, mkewe Arafa akabaki kumuuguza. Akanikabidhi mwanawe Fuadi, mtoto wa miaka minane, nimtangulize. Niliwaandikia katika sehemu ya pili kwamba Fuadi alinipotea kwenye msongamano wa watu siku tuliyoshuka Mombasa. Likumbukeni hilo nililowaandikia.

Miaka ikapita, Ulaya ikawa inawapokea Wabajuni kwa sababu hatuna ukoo wenye bunduki wa kutukinga. Basi ghafla kila mtu akawa Mbajuni. Watu waliokuwa wakitukunjia pua kwa harufu ya samaki wakaja kuniuliza samaki gani huvuliwa vipi. Chumba changu cha Kisauni, huko Mombasa, kikawa darasa. Niliwakaririsha majina ya visiwa, vyakula vya arusi, namna tunavyozika, hata matusi ya wavuvi, wakayajibu kwenye mahojiano ya ukimbizi.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa kijana wa bara aitwaye Abdirahman. Bahari aliiona ukubwani, akaiogopa. Lakini alikuwa na masikio. Watoto wetu wenyewe nikiwasimulia mambo ya visiwani walikuwa wakitazama mlango. Abdirahman aliniuliza la pili na la tatu, akaandika kwenye daftari. Mtu mwenye kiburi cha elimu huna haja ya kumwibia. Unamsikiliza tu, atakupa mwenyewe. Mimi nilimpa jina la Fuadi, na baba, na mama, na nyumba ya Koyama. Akaenda nalo Ulaya.

Miaka kumi na tisa baadaye, nami nimesharudi Kismayu, ndiye huyo aliyekaa sebuleni kwangu akinywa kahawa. Amerudi kugombea kiti cha Wabajuni bungeni. Sisi tuna kiti kimoja, tulichotupiwa baada ya wenye nguvu kugawana vinono, na hata hicho kimoja kimempata mwenye kukitaka.

Sasa tuendelee.

"Ami," aliniambia, tasbihi mkononi, "sikukuya kuomba kichu kikubwa. Wazee wanakaa Jumamosi. Watakuuliza wewe, huyu ni mwana wa Fumo ama siye."

"Na wewe ni mwana wa Fumo?"

Akatabasamu. "Wewe ndiwe uliyenambia."

Nilitazama ile tasbihi. Alikuwa akiivuta punje moja moja na midomo haitikisiki. Siku hizi ndivyo wanavyotufuata. Zamani mwanasiasa alikuja na ahadi za visima, ukamjua kuwa ni mwongo wa visima. Sasa anakuja na ndevu zilizopakwa hina na jina la Mola kila baada ya neno la tatu, hujui umkanushe wapi bila wewe kuonekana ndiwe kafiri.

"Nikikataa?"

"Utawaambia umenijuaje, ami?"

Hakunitisha. Alisema kwa upole, kama mtu anayenikumbusha nimesahau kofia. Hapo ndipo nilipotamani kumwagia kahawa yake. Badala yake nilimwongeza.

"Mama naye anakuya," akasema. "Nimetuma mashua Koyama."

"Mama gani?"

"Mamangu. Arafa."

Nilikiweka kikombe chini.

Niwaeleze Arafa ni nani. Ni mjane wa kaka yangu, muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, ana miaka sabini na mbili, na akikupimia samaki hakuna haja ya mizani. Kwa miaka thelathini na mitatu amekataa Fuadi asomewe hitima. "Hitima ni ya maiti," huwaambia wanaomshauri. "Wangu kapotea. Shihab mwenyewe kanambia." Kiwanja alichoacha Fumo kimegawanywa, na fungu la Fuadi limezungushiwa makuti, halilimwi. Kila mgeni akishuka Koyama, Arafa huenda kumtazama uso kabla hajamwamkia.

Nisingeweza kukaa karibu na mwanamke huyo siku ya Jumamosi peke yangu. Nikafanya jambo la woga nililoliona la busara. Nilimpigia binti yangu Rawda, aliye Mombasa, nikamwambia apande ndege aje amshike mkono mama yake.

Nasema mama yake, na si kwa adabu tu. Mke wangu alifariki Rawda hajatimiza siku arubaini. Arafa alikuwa na mwanawe mchanga Lubna kifuani, akamweka Rawda upande wa pili, akawanyonyesha wote wawili zaidi ya mwaka. Kwa dini yetu watoto wa Arafa wote ni ndugu wa Rawda, hawaoani mpaka Kiyama. Nilipokimbia na Fuadi, Rawda alikuwa bado ananyonya, akabaki Koyama. Tulibadilishana watoto, yeye na mimi.

"Nitakuya, baba," Rawda alisema. "Nami nina habari yako nzuri. Sikupi kwenye simu."

Niliijua habari yenyewe ni ya namna gani. Rawda aliachika kwa mume wa kwanza, na miezi mitano iliyopita aliolewa tena na mtu akaaye Ulaya, aliyekuwa Mombasa kwa likizo. Nilimwozesha kwa simu. Nilimpa uwakala shekhe mmoja wa Mombasa, jina la bwana arusi nikalitamka kwa mdomo wangu, sikuona nalo lolote. Rawda alitaka kunitumia picha. Nikamwambia mimi si mtu wa kukodolea wanaume macho kwenye kioo cha simu, mke huozeshwa kwa dini na tabia. Maneno mazuri. Kweli ni kwamba nilisikia Ulaya nikaona dini na tabia zimekamilika.

Jumamosi baada ya adhuhuri tukakusanyika kwenye ukumbi wa hoteli, karibu na bandari. Jenereta linanguruma, viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama maiti, na kila mzee amewekewa chupa ya maji yenye picha ya mlima ambao hapa haupo.

Kikao kilifunguliwa kwa Kurani. Msomaji alikuwa kijana mwenye sauti ya kutoa machozi. Nikatupa jicho huku na huku. Mmoja anapekua simu, mwengine anapanga miguu ili kamera imchukue vizuri, watatu wananong'ona nani ataketi kamati gani. Aya za adhabu zinapita juu ya vichwa vyao, nao wanazipungia kama nzi. Wakati wa kuitikia amina, waliitika kwa nguvu zote, maana kamera ilikuwa imewageukia.

Mwenyekiti alikuwa Sheikh Nasrudin, wetu, mtoto wa mjini, aliyesoma ng'ambo akarudi na kanzu fupi na orodha ndefu ya vitu tunavyokosea. Maulidi ya babu zetu ametuzuilia, makaburi kayatolea hotuba, na Ijumaa mbili zilizopita alitukanya hirizi mpaka bibi mmoja akaikata yake pale pale. Nami, niseme ukweli, kwenye hirizi tulikuwa kitu kimoja tangu yeye hajazaliwa. Chuoni kwangu mtoto akija na hirizi nilikuwa naikata kwa makasi, naitupa baharini, mama yake anasimama analia. Wote Koyama wakinijua kwa makasi yale.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza, Adnani, mwana wa fundi wa mashua wa Kudhaa, nywele zimejaa vumbi la mbao. Akaulizwa na mzee mmoja ataje visiwa vyetu kutoka Kismayu kushuka kusini.

Adnani akataja Kudhaa. Akataja Koyama. Akasita, akarudi nyuma, akaiweka Chula kabla ya Chovai. Watu wakaguna.

"Wazee wangu, mimi nalizaliwa kambini," alisema. "Nalirudi mkubwa. Mashua nitawaundia, muniambie mwataka ya mikono mingapi. Haya ya kutaja sikufundishwa na mchu."

Kweli, hakufundishwa. Mwalimu alikuwa Kisauni anawafundisha wengine.

Akaja wa pili, Mheshimiwa Fuadi bin Fumo. Visiwa alivitaja kusini kwenda kaskazini, kisha kaskazini kwenda kusini, hata vile vya mawe matupu visivyokaliwa ila na ndege. Akaeleza babu zetu walivyokuwa wakimvua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kunasa. Unamfunga kamba mkiani, unamwachia majini, anakwenda kugandama tumboni mwa kasa, nawe unavuta taratibu. Alivuta kwa mikono miwili pale jukwaani, suti yake inapanda mabegani. Wazee wakatikisa vichwa kwa mapenzi. Mmoja aliye nyuma yangu alifuta jicho.

Mtu huyo akipanda mashua hutapika kabla haijang'oa nanga. Nilitaka kucheka nikashindwa. Kile kilichonichefua zaidi ni kwamba alikuwa anasema vizuri kunishinda.

"Tumemsikia," Sheikh Nasrudin akasema kwenye kipaza sauti. "Na mama mzazi yupo. Aitwe."

Arafa akaingia kwa mlango wa wanawake, buibui limepauka kwa chumvi. Rawda hakuwa naye. Ndege yake ilichelewa, na mimi ndiye niliyelazimika kusimama kando ya shemeji yangu. Hakunishika mkono. Alimwendea yule mwanamume mpaka akawa hatua moja mbele yake, akamtazama uso, akatazama na viganja.

Yule akapiga magoti. "Mama," akasema, na machozi yalikuwapo, sijui aliyatoa wapi.

"Simama," Arafa akamwambia. "Nina suala moja. Siku nilipokuchoa kwangu, ukafuatana na ami yako, nalikupa kichu gani?"

Yule akasimama, akapangusa magoti.

"Hirizi, mama. Ulinishonea kwa kipande cha leso yako nyekundu, ukanifunga kiunoni, ndani ya nguo."

Naikumbuka siku niliyompa jawabu hilo. Kisauni, mvua inapiga bati, naye ananiambia, mwalimu, visiwa kila mtu atavitaja, nipe jambo ambalo mwengine hana. Nikampa. Aliandika kwenye daftari akalipigia mstari chini.

Arafa alivuta buibui lake mabegani. Kisha akasema, "Jawabu lake ni la kweli."

Basi. Hakusema zaidi ya hayo, nami nawaapia hakusema zaidi. Lakini ukumbi haukungoja. Vigelegele vikapasuka upande wa wanawake, wazee wakasimama, kamera zikasogea. Sheikh Nasrudin alikuwa ametajiwa hirizi mbele ya uso wake, hirizi ileile aliyoitolea hotuba, na hakukunja hata kipaji. Mheshimiwa alikuwa ameshaahidi zulia jipya la msikiti. Shirki ya muuza ng'onda ni shirki, na ya mwenye zulia ni kumbukumbu ya utotoni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mama amemtambua. Maalim Shihab, weka dole."

Karatasi ikaletwa na kidau cha wino. Nilijiambia hayo ni rehema. Mama wa watu kapata mtoto uzeeni, mwenye njaa ya kiti kapata kiti, nami siri yangu inazikwa kwa vigelegele. Nani ataumia? Niliweka dole. Nililikandamiza hasa.

Wino haujakauka, mlango wa wanawake ukafunguliwa. Rawda akaingia na begi lake, jasho linamtoka kwa safari ya bajaji kutoka uwanja wa ndege. Akanitafuta kwa macho, akaniona, akatabasamu. Kisha akamwona aliye jukwaani, katikati ya wazee, mkono wake umeshikwa na Arafa.

Hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele, akaliweka begi chini.

"Baba," akasema, "mume wangu anafanyani hapa?"

"Mume wako yupi?"

"Abdirahman." Akamwonyesha kwa kidole. "Wewe ndiwe uliyeniozesha."

Abdirahman. Nililitamka jina hilo kwenye simu, nikaitikia kwa furaha, na mwanafunzi wangu wa Kisauni hakunipita hata kichwani. Kwenye ndoa alitumia jina lake la kweli ili ndoa isimharibikie. Kwenye siasa akatumia la mtoto wa kaka yangu ili kiti kisimharibikie. Nilikuwa nimemlisha mtu mmoja kwa mikono miwili, mmoja haujui mwenziwe unatoa nini.

Wazee wakaanza kunong'ona. Sheikh Nasrudin akamwinamia mgombea, bila kuzima kipaza sauti. "Mheshimiwa, huyu bibi unamjua?"

Mheshimiwa alimtazama Rawda. Akatazama kamera. Nilimwona akipima, na upimaji wenyewe haukuchukua muda.

"Simjui," akasema. "Huenda kanifananisha."

Nimeishi miaka sitini na minane, nimeona watu wakikimbia wakaacha wazee wao ufukweni. Sijapata kuona kitu kilichonitia kinyaa kama neno lile. Rawda alikuwa na simu mkononi, picha za arusi zimo ndani, wala hakuifungua. Aliweka kiganja tumboni. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yangu nzuri, ya miezi minne.

"Hebu ngoja," Arafa akasema. Aliuachilia mkono wa mwanamume. "Rawda, huyu ni mumeo, kwa ndoa?"

"Kwa ndoa, mama."

"Nami nimekunyonyesha."

"Ndiyo, mama."

Hapo hata waliokuwa kwenye simu waliinua vichwa. Sheikh Nasrudin alikunja kipaji kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kuhusu kunyonya hakuna zulia linaloweza kumsaidia mtu.

"Kama huyu ni mwana wa Bi Arafa," akasema polepole, "basi ni nduguye kwa kunyonya. Ndoa haipo. Na kilichomo tumboni..." Akaliacha hapo. "Na kama si mwanawe, basi tumedanganywa sote, na dole lako, Maalim, liko kwenye uongo. Wewe ndiwe ami na ndiwe baba. Sema."

Rawda akanigeukia. Sikuwahi kumwona binti yangu akinitazama vile, hata alipoachika.

Nikakitwaa kipaza sauti. Mkono ulikuwa na wino, ukapaka.

"Si mwana wa Fumo," nikasema. "Jina lake ni Abdirahman. Nilimfundisha mimi, Kisauni, chumbani kwangu. Visiwa nilimpa mimi, chazo nilimpa mimi, na jina la Fuadi nilimpa mimi. Ndoa ya binti yangu ni halali. Mwenye makosa ni mimi, na nimetubu mbele yenu."

Kelele zilizofuata mnaweza kuzikisia. Mzee aliyelia kwa ajili ya kasa alinitemea mate, yakafika kwenye kanzu. Mtu akanirarulia karatasi usoni. Adnani tu ndiye aliyebaki ameketi, akitazama mikono yake. Mheshimiwa alikuwa anautafuta mlango kwa macho, akaukuta umejaa watu.

Nami, niwaambie aibu yangu yote, nilijisikia vizuri. Mtu akitubu hadharani hujipenda kidogo. Nilijiona mwanamume aliyeisema kweli mbele ya kamera, kwenye nchi ambayo hakuna anayeisema hata gizani. Nikapanga na namna nitakavyowaandikia nyinyi, kwa maneno gani, na mngenisamehe. Nilidhani nimefika mwisho wa hadithi yangu.

"Shemegi," Arafa akasema.

Hakupaza sauti. Lakini alikitwaa kile kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, akakishika mbali kidogo na mdomo, kama mtu anayeshika kitu chenye miba, na ukumbi mzima ukamsikia.

"Huyu si wangu, nalijua tangu alipoingia. Wangu alikuwa na sikio la Fumo. Nalimuuliza suala kwa sababu nalitaka kujua amefundishwa na nani na kafundishwa mpaka wapi."

"Nisamehe, Arafa."

"Ngoja. Hirizi ile nalimfunga mimi, nyuma ya pazia, kabla hujaamka. Nalimfunga ndani ya nguo kwa ajili yako wewe. Nalijua ukiiona utaikata na makasi yako. Nalimwambia Fuadi, usimwonyeshe mchu, na ami yako kuliko wachu wote. Naye alikuwa akikuogopa. Hangekuonyesha."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Fumo hakujua. Lubna alikuwa mchanga. Nami sikumwambia mchu hata leo, niliona haya." Akanisogelea. Alinuka chumvi na karafuu. "Kiuno cha mwanamume, hata awe mdogo, hakitazamwi. Kinatazamwa na mamake, na kinatazamwa na muosha maiti."

Rawda akasema, "Baba?"

"Miaka thelathini na michachu nikitazama wachu nyuso," Arafa akasema. "Wewe ukinitazama nikiwatazama. Mwanao nilikurudishia, Shihab, huyu hapa, ana mimba. Wangu ulimwosha wapi?"

Wazee walikuwa wamesimama vilevile, mate yangali kwenye kanzu yangu. Hata Abdirahman, aliyekwisha fika karibu na mlango, aligeuka na kusimama asikilize, kwa sababu hilo ndilo pekee ambalo sikuwahi kumfundisha.